Kichuguu Alichokiita Pniksi

Kabla ya mtu kupanda, Mwalimu alimfutisha viatu. Kitambaa kilikuwa chake, cha kijivu, kimekunjwa mara nne katika mfuko wa nyuma wa suruali, na alikitoa kwa adabu kama padri anavyoshika kitambaa cha kufutia kalisi ya misa. Kichuguu kilikuwa cha udongo mwekundu. Hatua mbili tu na viatu vingechafuka upya. Tulimwambia hivyo. Hakujali.

"Unaenda kusimama mbele ya raia," alisema. "Vumbi ya kule juu ni ya kule juu. Hii ya huku chini uiache huku chini."

Nitamwita Mwalimu tu. Wazazi wake, kwao, mwaka aliozaliwa, hayo waulizeni watoto wake. Jina lake nalijua vizuri, lakini niliwahi kuliandika kwenye karatasi ambayo haikustahili kuandikwa, na karatasi hiyo ikamtoa kazini. Tangu siku ile naona mkono wangu hauna haki na jina hilo. Nitakayoyaandika hapa ni yale niliyoyaona mwenyewe. Yale niliyoyasikia nitasema kwamba niliyasikia. Yeye ndiye aliyetufundisha hivyo.

Alitufundisha historia katika mwaka wa tano wa sekondari, kwenye shule iliyokuwa pembeni mwa mtaa wa Makomeno, wakati ule nyuma ya madarasa kulikuwa bado na pori. Katika pori lile kulikuwa na vichuguu vinne vikubwa. Mgeni akifika Lubumbashi hushangaa, kwa sababu kichuguu cha kwetu si kitu cha kufika magotini. Ni kilima. Kinapita nyumba kwa urefu, miti inaota juu yake, mbuzi wanapanda. Watu wengi wakikitazama wanaona matofali, maana udongo wa mchwa hauna mfano kwa kufyatua. Mwalimu alivitazama vile vinne akaona Atene.

Kile kirefu, ambacho mapadri walikuwa wamesimamisha juu yake sanamu ya saruji ya Bikira Maria, kilikuwa Akropoli. Kile chenye mawe miguuni kilikuwa Areopago, mahali ambapo Mtume Paulo aliwahubiria wenyeji na baadhi wakamcheka. Chenye mti mmoja uliopinda kilikuwa Filopapu. Na kile cha nne, kipana, kilichokatika juu kama meza, kilikuwa Pniksi, kilima ambapo watu wa Atene walikutana, na raia yeyote aliweza kusimama juu ya jiwe akasema la moyoni. Kilima cha tano, Likavitos, kirefu kupita vyote, hatukuwa nacho. Basi akatuonyesha kwa mwavuli wake ule mlima mweusi wa mabaki ya madini, kule mbali karibu na bomba la moshi, akasema kwa Kiswahili chetu, ambamo njo ni ndiyo na ba ni wa:

"Ule njo Likavitos. Usisikitike, ba Atene nao habaendaka kule kila siku."

Padri mmoja alikasirika aliposikia kwamba kilima cha Bikira wetu kimepewa jina la kilima cha mungu wa kike wa wapagani. Alikuja na kanzu yake hadi porini.

"Padri," Mwalimu akamjibu, "yule wao naye balimwita bikira. Ni jirani tu. Habagombane."

Padri alicheka kwa pua, akageuka, akaenda zake.

Mwavuli ule aliubeba hata katika miezi ya kiangazi, wakati mbingu yetu haitoi tone. Haukufunguka kamwe mbele yetu. Ulikuwa fimbo ya kuonyeshea, na mara moja ulikuwa silaha, mbwa wa mlinzi alipotoka bila mnyororo. Mtu huyu aliyetufundisha kwamba raia hamwogopi mkubwa aliogopa mbwa kiasi kwamba akimwona mtoto wa mbwa amelala njiani, alizunguka barabara nzima. Tulimcheka. Alijua tunamcheka, naye hakutunyima.

Na kulikuwa na mengine yasiyolingana. Pale porini alidai kila mtu aseme. Nyumbani kwake, radio ilipokuwa inasoma habari, mkewe na watoto hawakuruhusiwa hata kuhamisha sufuria. Mkewe, marehemu sasa, alikuwa na ulimi. "Demokrasi iko kule mu pori," aliwaambia wageni mbele yake. "Huku ndani iko mufalme."

Atene yake ilitoka kwa Mgiriki mmoja mzee aliyekuwa na duka la mikate mjini. Alipofunga duka na kurudi kwao, alimwachia Mwalimu kadi kumi na moja za posta, zote picha za vilima vya Atene na mji unavyoonekana kutoka juu. Mwalimu alizitunza ndani ya kopo la biskuti. Alituonyesha akizishika kwa ncha za vidole, na hatukuruhusiwa kuzigusa. Kila kadi aliizungusha darasani kwa zamu, banki kwa banki, yaani dawati kwa dawati, akisema: kaskazini hii, kusini hii, huku jua linatoka, kule nyuma ya ule mti ni bahari.

Lakini kitu alichokitunza kuliko kadi ni swali lake. Ukimwambia jambo lolote, alikuuliza: uliona au ulisikia?

"Mwalimu, kule Kipushi kuna muntu alianguka mu shimo ya mine, akatoka muzima, anauliza chakula."

"Uliona ao ulisikia?"

"Nilisikia."

"Basi anza na hiyo. Sema: nilisikia kwamba kule Kipushi. Kisha muache muntu wako aanguke."

Siku moja mwenzetu wa banki ya nyuma akamgeuzia swali. "Na weye, Mwalimu? Ile Atene, uliiona ao uliisikia?"

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Mwalimu alivua miwani akaifuta kwa ncha ya tai yake ya kahawia, akakawia kuivaa.

"Niliisikia," akasema. "Miye Atene naisikiaka tu. Njo maana nabatafutia bilima."

Tangu siku ile kila somo lake la Wagiriki lilianza kwa maneno hayo: nilisikia kwamba. Hakuona haya kuyasema mbele ya mkaguzi.

Pniksi ilikuwa na sheria tatu. Futa viatu. Sema ulichokiona. Na ya tatu, aliyoirudia kila juma: neno lililosemwa kule juu halimfuati mtu huku chini. Mtu akisema kwa sauti ndogo, Mwalimu alimkatiza kutoka chini: "Sauti! Ba nyuma habasikie!" Mtu akimaliza, Mwalimu aligeukia darasa. "Mwenye anaamini, anyanyue mukono." Kisha alihesabu kwa ncha ya mwavuli, mkono kwa mkono, na mikono ilitakiwa kubaki juu mpaka amalize. Alitueleza kwamba mkono si wa kumpenda msemaji, wala si wa kumsifu. Ni wa kusema: nimekusikia, naamini umesema kweli. Yeye mwenyewe hakunyanyua wake hata mara moja. Tulipomuuliza, alisema, "Miye niko kilima. Kilima haichague."

Na wakati wa kushuka, alisimama pale chini, mwavuli kwapani, akanyosha mkono wa kulia. Wavulana wakubwa wenye ndevu waliona aibu kushikwa kama watoto. Aliwashika vilevile. Tulikuwa thelathini na wanane, na sikumbuki mwaka ule mtu aliyeshuka peke yake.

Sasa ile karatasi.

Zamu yangu ilifika siku ya Ijumaa. Wenzangu walikuwa wamesema mambo madogo: mmoja alimwona nyoka chooni, mmoja alimwona baba yake analia. Walipata mikono kumi, kumi na mitano. Mimi nilitaka mikono yote. Nikafuta viatu, nikapanda, nikasema kwamba mabati yaliyoletwa kuezeka madarasa yetu, ambayo yalikuwa yanavuja hadi tukaandika tukiwa tumehamisha banki pembeni, yako juu ya nyumba ya prefe, mkuu wa shule. Nikasema nimeyaona kwa macho yangu. Mikono ikapaa yote, thelathini na saba. Wengine walinyanyua miwili. Mwalimu alihesabu polepole, na hakutabasamu. Aliponishika mkono nishuke, aliniuliza kwa sauti ya chini:

"Uliona?"

"Niliona, Mwalimu."

Wakati ule ulikuwa wa chama kimoja, na prefe alikuwa pia mtu wa chama. Maneno yakamfikia, na siku ya Jumatatu nikaitwa biro, ofisini kwake. Prefe hakunipiga. Alikuwa mpole, na upole wake ulinitisha kuliko fimbo. Mbele yake kulikuwa na daftari la majina yetu na kalamu nyekundu, kifuniko kimeshatolewa.

"Petit, kijana, hii maneno ya mabati ni yako?"

Nikatazama ile kalamu.

"Kama ni yako, unatoka leo. Diplome hakuna. Lakini kama kuna muntu mukubwa alikutia mu kinywa, basi weye ni mutoto tu. Mutoto habebe kosa ya mukubwa."

"Ni ya Mwalimu," nikasema.

"Andika."

Niliandika kwa Kifaransa safi, kwa mwandiko ambao Mwalimu mwenyewe alikuwa ameusifu mbele ya darasa. Niliandika jina lake lote. Niliandika kwamba anatukusanya porini, kwamba anatufundisha kuwasema wakubwa, kwamba maneno ya mabati alinipa yeye niyakariri. Nikatia sahihi. Prefe akanipa peremende kutoka kwenye mtoto wa meza, nami nikaipokea kwa mikono miwili kama nilivyofunzwa nyumbani. Niliila njiani. Ilikuwa ya mnanaa.

Nilikuwa na miaka kumi na saba. Nimejiambia hilo mara nyingi, na kila mara nasikia kwamba anayesema si mimi. Ni prefe: weye ni mutoto tu.

Yaliyotokea Mwalimu alipoitwa biro niliyasikia miaka mingi baadaye, kwa mama aliyekuwa mpiga chapa wa shule. Walimrahisishia mambo. Walimwambia aseme tu kwamba mwanafunzi alidanganya kuhusu mabati, aombe radhi kwa niaba ya darasa, yaishe. Alikataa. "Mutoto alisema aliona," aliwaambia. "Nilimuuliza tena pale chini. Akisema aliona, siwezi kusema hakuona." Basi mpiga chapa akaandika barua, na Mwalimu akahamishiwa shule ndogo ya msingi kwenye barabara ya Kipushi. Alikwenda kwa baiskeli, mwavuli umefungwa kwenye fremu, akawafundisha watoto wa mwaka wa tatu kujumlisha na kutoa. Historia hakuifundisha tena mpaka pensheni.

Mimi nilipata diploma. Nikawa karani katika ghala la reli, nikaoa, nikalea. Diploma ile iko ukutani kwangu ndani ya kioo. Nimeishusha mara mbili. Mara zote mke wangu aliuliza kwa nini, nami nikairudisha kwenye msumari wake.

Nilipostaafu tulihamia nyumba ya marehemu baba mkwe, karibu na ilipokuwa ile shule. Pori lilikuwa limekwisha gawanywa viwanja zamani. Akropoli ilikuwa imegeuka matofali, na Bikira alihamishiwa uwanja wa parokia. Areopago ilikuwa matofali. Filopapu ilikuwa matofali, tena ya baa. Pniksi peke yake ilibaki, ndani ya ukuta wa kiwanja kimoja, na juu ya kiti mbele yake alikuwa ameketi Mwalimu. Alikinunua kiwanja kile kwa sababu ya kichuguu. Waliomshauri akivunje hawakuhesabika, na wa kwanza alikuwa mkewe.

"Tunalala batano mu chumba moja," mama yule alinilalamikia siku ya kwanza tu, mumewe anasikia, "na hii kichuguu inalala peke yake!"

"Mama, ile hailale," Mwalimu akasema. Kisha akanitazama kwa muda. "Mwaka wa tano. Banki ya tatu, pembeni ya dirisha. Karibu."

Hivyo ndivyo nilivyorudi mbele yake. Karibu miaka kumi na mitano, kila Jumapili baada ya misa, nilikwenda kwake. Nilimrekebishia bawaba za mlango. Nilimsomea magazeti macho yake yalipoanza kuchoka. Mkewe alipofariki, nilikaa kwenye msiba siku zote hadi mwisho. Majirani walisema, angalia mwanafunzi anayemkumbuka mwalimu wake, ba leo habako vile. Niliwaacha waseme. Kila sifa niliimeza kama ile peremende.

Jumapili moja tulikuwa tunakula bukari, ugali wa kwetu, na mboga ya lengalenga, yeye, binti yake mkubwa anayeishi naye, na mimi. Radioni walikuwa wanazungumzia walimu waliofukuzwa enzi zile. Binti akasema, "Papa, na weye balikufukuza juu ya mwanafunzi. Si banasema kuna mwanafunzi aliandika?"

Tonge lilikuwa mkononi mwangu.

"Banasema," Mwalimu akajibu.

"Na hata jina banasemaka."

"Banasemaka jina, ndiyo. Lakini miye nilikuwa kule? Niliona mukono yake inaandika?" Akachovya tonge lake kwenye mboga. "Nilisikia tu. Muntu haumuchukie juu ya kitu ulisikia."

"Kweli, Mwalimu," nikasema. Ndiyo, nilisema hivyo. Nikala tonge langu, na binti akaniongezea mboga.

Mwaka juzi binti yangu wa mwisho, ambaye anatunza wazee huko Atene na ameolewa huko, alinitumia tiketi nikashuhudie ubatizo wa mjukuu. Nilipomwambia Mwalimu, ilibidi nirudie, maana masikio nayo yalikuwa yanamwacha. Kisha akamwambia binti yake alete daftari, na karatasi ikachanwa. Majina matano ya vilima. Chini ya kila jina, pande nne za dunia zikiwa na nafasi tupu.

"Utapanda yote," akasema. "Utaangalia pande ine yote, kaskazini, kusini, yote. Utaniambia kenye uliona. Lakini pa Pniksi usiangalie tu. Simama, uongee."

"Niongee nini, Mwalimu?"

"Kitu uliona."

Nilijua kabla ndege haijaruka ni kitu gani.

Nilipanda vilima vya Atene na magoti yangu haya. Likavitos kuna kitreni kinachopita ndani ya mlima, na juu kuna kikanisa cheupe. Mji wote chini ni mweupe, kama unga uliomwagika kwenye mkeka na hakuna mtu aliyeuzoa. Akropoli tulipanda katikati ya umati, jua linapiga mawe, na niliona nguzo za nyumba ya yule bikira mwingine, kubwa kuliko nilivyowahi kusikia. Areopago ni mwamba mtupu, umelainishwa na nyayo hadi unang'aa. Nilikaa pale Paulo alipohubiri, kisha nikashuka kwa ngazi za chuma nikishika reli kwa mikono miwili. Filopapu kuna misonobari na upepo, na kutoka juu niliona bahari, na meli zimesimama kama zinangoja kuitwa. Kila mahali niliandika. Kaskazini, kusini, mashariki, magharibi. Binti yangu aliniambia mimi si mtalii, ni mkaguzi.

Pniksi niliiacha ya mwisho. Hakuna umati kule. Ni uwanja wa mteremko, majani makavu, na mwishoni jiwe kubwa lililochongwa ngazi, limezungushiwa kamba watu wasilipande. Mbele yako, Akropoli yote. Kulikuwa na mwanamke mmoja na mbwa wake. Nilikuwa nimeyapanga maneno kichwani tangu Lubumbashi, sentensi nne. Kamba ilikuwa sababu nzuri, lakini kamba haizuii mtu kusema akiwa amesimama kando yake.

Binti yangu akainua simu. "Papa, ongea, tutamutumia Mwalimu wako. Haya, inachukua video."

"Bonjour, Mwalimu," nikasema. "Niko huku Pniksi. Iko muzuri sana. Hali ya hewa nayo iko muzuri. Asante."

Mbwa akabweka. Nusu dakika, ikaisha.

Niliporudi, Mwalimu alikuwa ameitazama video ile mara nyingi, binti yake akimsogezea simu hadi puani.

"Uliongea kama muntu anatuma salamu ku radio," akaniambia, akacheka hadi akakohoa. "Na mbwa anakujibu."

Kisha akataka ripoti. Nilimsomea karatasi yote, kilima kwa kilima, naye akasikiliza macho yamefumbwa, anauliza: bahari iko kusini kabisa ao kusini-magharibi? Kutoka Filopapu, Likavitos iko mkono gani? Nilipomaliza aliomba lile kopo la biskuti. Akamwambia binti yake ageuze kadi moja moja na nyuma ya kila moja aandike: mwanafunzi wangu aliona. Binti akaandika. Likavitos, mwanafunzi wangu aliona. Areopago, mwanafunzi wangu aliona. Kila aliponyoosha kalamu nilihisi ile kalamu nyekundu ya prefe. Akafika kwenye kadi ya Pniksi.

"Ngoja," Mwalimu akasema. "Pale, mbali na bonjour, uliongea nini?"

"Hakuna, Mwalimu."

"Basi hiyo usiandike. Iache vile."

Nilikaa nyumbani Jumapili mbili bila kwenda kwake. Ya tatu nilikwenda, asubuhi, mvua imekatika muda mfupi tu. Alikuwa kwenye kiti chake mbele ya kichuguu, miguu imevimba ndani ya viatu visivyofungwa kamba, mikono miwili juu ya mwavuli. Binti yake alikuwa anafua karibu na bomba. Ng'ambo ya ukuta waashi wawili walikuwa juu ya jukwaa lao, wanapandisha nyumba ya jirani.

"Mwalimu, nimekuja juu ya ile kadi."

Hakuuliza kadi gani. Alipapasa mfuko wa nyuma kwa taabu, akatoa kitambaa, kile kile au ndugu yake, akaninyoshea.

Nilifuta kiatu cha kulia, nikafuta cha kushoto. Nikapanda kwa mikono na magoti, nikishika mizizi. Mwashi mmoja akapiga mluzi. "Muzee, utaanguka! Unatafuta uyoga?" Nikafika juu, nikasimama. Kutoka pale niliona mlima mweusi na bomba la moshi, na kati yake na mimi mabati, mabati, mabati ya mtaa wote yaliyolowa.

"Miye njo niliandika ile karatasi," nikasema.

"Sauti! Ba nyuma habasikie!"

Hakuwa ananitazama. Alikuwa amegeuza kichwa nyuma, pale darasa lilipokuwa linasimama.

"Miye njo niliandika ile karatasi!"

Maji ya kufulia yakanyamaza. Ng'ambo ya ukuta miiko nayo ikanyamaza.

"Karatasi gani?" Mwalimu akauliza. "Raia habajue."

Basi nikaieleza, kwa sauti ambayo sijaitumia tangu ujana. Nilimwambia prefe kwamba ile maneno ni ya Mwalimu. Nilidanganya. Ilikuwa maneno yangu. Niliandika jina yako na sahihi yangu, juu ya diplome. Nimekula kwako miaka kumi na tano na sikusema. Pale Atene nilisimama na sikusema.

"Muzee anatubu?" mwashi mmoja akamnong'oneza mwenzake.

"Nyamaza, tusikie."

Nilidhani nimemaliza. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta pa kukanyaga nishuke.

"Na ile mabati?" akauliza Mwalimu. Sasa alikuwa amenigeukia. "Uliiona ao ulisikia?"

Kwa hili sikuwa nimejitayarisha. Katika miaka yote niliyojilaumu, nilijilaumu kwa karatasi. La mabati sikuwahi kulitamka hata peke yangu. Aliambiwa aseme nimedanganya, akakataa. Alipoteza darasa lake kwa ajili ya macho yangu.

"Nilisikia, Mwalimu."

"Sauti."

"Nilisikia! Sikuona! Nilitaka tu mikono!"

Akainamisha kichwa. Tone la mvua lilianguka kutoka kwenye mti, kisha jingine. Binti yake alikuwa amesimama, mikono imejaa povu, ananitazama, na si kwa macho yale aliyoniongezea nayo mboga.

"Mwenye anaamini," Mwalimu akasema, "anyanyue mukono."

Binti hakuharakisha. Alininyima kwa muda mrefu. Kisha akanyanyua, povu likamtiririka hadi kwenye kiwiko, na uso wake haukubadilika.

"Moja."

Juu ya ukuta mwashi mmoja akainua mkono wenye mwiko. Hakuna aliyecheka.

"Mbili."

Mwavuli ukaanguka chini. Nilidhani umemponyoka. Lakini alikuwa ameuachia, ule mkono wa kulia ukapanda polepole, ukapita bega, ukapita sikio, ukakaa.

"Tatu," akasema. "Sasa shuka. Pole pole. Kunateleza."

Niligeuka, nikateremka hadi pale mteremko unapokuwa mkali, na kwa mazoea ya zamani nikanyosha mkono wangu kuelekea chini bila kutazama, kuutafuta wake. Haukuwapo. Nikatazama. Mkono wake ulikuwa bado juu. Basi nikaketi kwenye tope, nikashuka kwa makalio kama mtoto.